Fundo la Rwezaula na Maregesi

Sheria ilimkataza msomaji wa nasaba kusoma ukoo wake mwenyewe. Lakini wilaya nzima ya Bukoba Mpya ilikuwa na msomaji mmoja tu, na msomaji huyo, Kagemulo, alikuwa na ndugu katika kila kilima. Angeifuata sheria neno kwa neno, angeshinda ofisini akitazama mvua. Wakubwa wa Dodoma walilijua hilo wakaamua kufumba macho. Walichomtaka ni asikosee, na kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyewahi kumkamata na kosa.

Asubuhi ile waliingia watu wawili, na mmoja wao alikuwa mtoto wa kaka yake.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Mutembei, akavuta kiti kabla hajaambiwa akae.

"Marahaba. Hicho kiti ni cha wateja."

"Leo na mimi ni mteja."

"Basi kaa kama mteja. Toa viwiko mezani."

Mutembei alicheka, akavitoa. Alikuwa kijana wa Mwanza, amezaliwa na kukulia ghorofani, na alikuja huku kwa kazi ya pampu zinazopandisha maji ya ziwa mpaka migombani. Watu wa huku walimpenda haraka kwa sababu hakujua kunyamaza. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Kezia Maregesi, binti wa kitalu cha migomba, ambaye alijua kunyamaza kwa niaba ya wote wawili.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Kezia.

Naye alikuwa na haki ya kumwita hivyo, na hapo ndipo penye shida. Kwa mujibu wa Shina, mtambo wa serikali unaotunza nasaba, Rwezaula, babu yake Kagemulo, na Maregesi, baba wa bibi yake Kezia, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kutoka kwa Mutembei kupanda mpaka kwa mama wa wazee hao na kushuka mpaka kwa Kezia kulikuwa na hatua nane, na sheria haikuruhusu ndoa chini ya hatua kumi.

"Tunataka ulifungue fundo la hao wazee, walinganishwe upya," alisema Mutembei.

"Nani anataka?"

"Ombi liko kwa jina langu," alisema Kezia. "Wanasema mwombaji lazima awe amezaliwa kwenye kilima chenyewe."

"Mimi mkimbizi wa mjini sina hata haki ya kuomba," alisema Mutembei. "Lakini Shangazi, tazama tu kwa macho. Hawa akina Maregesi wote warefu kama nguzo za umeme. Sisi kwetu tukisimama au tukikaa, tofauti haionekani. Hao wazee hawawezi kuwa wa mama mmoja. Labda baba tofauti, labda walikuwa binamu tu na mtu akakosea kuandika. Tukipata hatua mbili zaidi tunaoana, nawe unakula pilau."

Kagemulo alimtazama Kezia. "Fundo likifunguliwa halichagui la kusema. Umelifikiria hilo?"

"Bibi anasema sisi ni wa hapa," Kezia alijibu. "Sina wasiwasi kwamba tutatoka bure kabisa, bila damu ya hapa."

"Na hata mkitoka bure," Mutembei akaingilia, "dunia ni pana. Watu wanaishi popote."

Kezia alimgeukia, akataka kusema kitu, akakiacha. Kagemulo aliliona hilo na halikumpendeza. Akawasomea masharti yote kama alivyowasomea waombaji wote, haraka haraka kama mtu anayesoma ilani nyuma ya chupa ya dawa, akamtaka Kezia aweke kidole. Kisha akawafukuza kwa upole.

*

Watu wengi hudhani Shina linalinganisha damu ya kila mtu na damu ya kila mtu. Lilifanya hivyo mwanzoni tu, ziwa lilipopanda na serikali ikataka kujua nani ni nani kabla ya kugawa ardhi ya juu. Katika wiki chache tu lilivunja nyumba nyingi kuliko pombe, likafungwa mdomo. Tangu hapo linajua mzazi na mtoto, basi. Hayo mengine linayapata kwa kupanda na kushuka juu ya matawi, mpaka kwenye mafundo ya mwanzo, yaani wale waliopimwa Mwaka wa Mate. Mafundo hayo yalilinganishwa mara moja, yakafungwa. Likikosewa fundo moja, kila kilichoota juu yake kimekosewa pia, na hakuna wa kujua mpaka mtu aombe.

Mate yenyewe bado yapo. Yamekaushwa kwenye vichupa vidogo, yametunzwa kwenye baridi chini ya ofisi, na Kagemulo alikuwa na ufunguo. Alishuka mwenyewe. Alivikuta vichupa vya Rwezaula na Maregesi vimekaa bega kwa bega, maana siku ile walipanga foleni pamoja, akavipandisha na kuviweka kwenye kisomeo kipya, kile kilicholetwa mwaka jana.

Kisomeo cha zamani kilikuwa na ugonjwa mmoja. Kilichukua kila kilichomo kwenye mate, kikakijumlisha, kikatoa jibu moja. Hiki kipya kinachambua kwanza. Kikachambua, na Kagemulo akasogeza kiti karibu na kioo.

Katika mate ya Rwezaula kulikuwa na watu wawili.

Alifungua cha Maregesi. Wawili pia, na ni walewale. Mawazo yake yalikimbilia uchafu wa maabara, kwa sababu hiyo ndiyo njia rahisi ya kulala usingizi. Akapima vichupa vya jirani, wa mbele yao na wa nyuma yao kwenye foleni, vyote vikatoka safi. Akarudi kuangalia yule mtu wa pili ni chembe za nini. Hazikuwa za mate, zilikuwa za damu. Kila mmoja wa wazee wale alifika kwenye kipimo akiwa na damu ya mwenzake mdomoni, na kisomeo cha zamani kikawajumlisha, kikawaona ndugu.

Akawatenganisha. Rwezaula peke yake, Maregesi peke yake. Alipowalinganisha hivyo, kisomeo hakikupata hatua kumi wala ishirini. Hapakuwa na kitu. Mmoja alikuwa Mhaya wa vilima hivi tangu mababu, na mwingine asili yake ilikuwa ng'ambo ya ziwa, Majita.

Kagemulo alikaa akisikia friji inavyonguruma chini ya miguu yake. Kosa la wazee lilikuwa dogo, na mbele yake kulikuwa na Sheria ya Vibanja, ile ya mashamba ya koo za kilimani, nayo haikuwa ndogo. Ardhi ya juu ni ya damu. Asiye wa damu huhamishiwa Makazi ya Tambarare, kule nyuma ya Biharamulo, kabla ya mavuno yanayofuata. Na kwa kuwa huku tunazika migombani, na kaburi ni ushahidi wa umiliki kuliko hati yoyote, sheria ilifika mpaka chini ya udongo: kaburi la asiye wa damu hufukuliwa, mifupa ikamfuata mwenyewe alikokwenda.

Alikuwa amelisimamia jambo hilo mara moja, kwa familia ya akina Kyaruzi. Fundo lao lilifunguliwa kwa ombi la jirani, likatoka bure, akasaini. Alikwenda kuangalia wanavyopakia magodoro kwenye lori kwa sababu aliamini mtu anayesaini anapaswa kuangalia. Mama mwenye nyumba hakumtukana, alimpa tu ndoo ya kushika wakati anapanda. Kagemulo alirudi nyumbani akala, akalala vizuri, kwa kuwa alikuwa amesema kweli na kweli ndiyo kazi yake.

Sasa kweli ilikuwa imefika kwa Nyangeta, binti wa Maregesi, bibi yake Kezia. Huyo ndiye aliyemlea Kagemulo miaka mama yake alipokuwa mgonjwa. Alitamani kisomeo kiwe kimeharibika. Kilikuwa kizima.

*

Nyangeta alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, miguu imevimba ameinyoosha mbele, anachambua maharage. Moyo wake ulikuwa umechoka na daktari alishamwambia hivyo waziwazi. Hilo lilimfanya awe na utani mbaya zaidi ya zamani.

"Umekuja kunipima?" alimuuliza Kagemulo hata kabla ya salamu. "Nipime urefu basi. Maseremala wa siku hizi wanabana mbao, sitaki kwenda huko magoti yamekunjwa."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usikae kwenye maharage."

Kagemulo alikaa akamsaidia kuchambua. Toka pale barazani makaburi yalionekana kati ya migomba, yamepangwa mstari mmoja: Rwezaula, mkewe, Maregesi, na nafasi iliyofagiliwa ambayo kila mtu pale nyumbani aliijua ni ya nani. Nyangeta aliifagilia mwenyewe mpaka miguu ilipokataa.

"Nina swali la kizamani," alisema Kagemulo. "Babu Rwezaula na baba yako, mama yao alikuwa nani?"

Nyangeta aliinua macho, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Watu wanasemaje?"

"Wanasema mama yake Rwezaula aliwahi kuolewa ng'ambo ya ziwa."

"Na hakuna aliyekataa, kwa jinsi yule mama alivyosifika!" Alijipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Mama yao ni buni, Kagemulo. Buni za tunda moja la kahawa. Nilikuwepo, nilikuwa msichana mdogo, nilishika taa. Wewe ni mtu mzima sasa, acha nikuambie."

Akamwambia. Walitoka Majita ziwa lilipoimeza pwani yao, yeye na baba yake tu, mama hakuwahi kufika. Huku hawakuwa na mtu. Maregesi alibeba mizigo ya watu mpaka siku mlima ulipoporomoka kwenye nyumba ya Rwezaula, akamfukua kwa mikono mitupu kutwa nzima, wakati ndugu wa Rwezaula walikuwa wanajadiliana namna ya kuzika. Tangu siku hiyo Rwezaula hakukubali kula Maregesi akiwa hajala. Kisha likaja tangazo kwamba kila mtu atapimwa, na asiye wa damu ataondoka kilimani.

"Rwezaula akasema, wanataka damu? Tutawapa damu. Asubuhi ya kupimwa akamleta mzee mmoja anayeyajua mambo ya omukago, udugu wa kuchanjia damu. Wakakaa kwenye ngozi, wakachanjwa kitovuni. Tunda la kahawa likapasuliwa, lina buni mbili ndani, mama mmoja. Hii ikapakwa damu ya huyu, ile ya yule. Kila mtu akala kwenye kiganja cha mwenzake, akatafuna taratibu. Wakaapa. Hawatanyimana chakula, hawatanyimana kaburi, watoto wao hawataoana."

"Halafu wakaenda kupimwa."

"Wakaenda moja kwa moja, wanatafuna bado. Shuleni pale kulikuwa na dada mmoja wa vipimo, mgeni, Kiswahili kinanyooka kama rula. Anauliza kila mtu, umekula chochote asubuhi hii? Wakajibu, hatujala. Na kweli hawakuwa wamekula. Tangu lini kahawa ikawa chakula?"

Kagemulo aliacha maharage. Yeye mwenyewe angejibu hivyohivyo. Kila mtu wa vilima hivi angejibu hivyo, kwa maana kahawa ya kutafuna hupewa mgeni kabla hajaulizwa kama ana njaa, na haiwekwi kwenye hesabu ya chakula, kama vile salamu. Yule dada mgeni alikuwa ameuliza swali sahihi na kujibiwa ukweli mtupu, na Shina likakosea kwa vizazi vinne.

"Majibu yalipokuja," Nyangeta aliendelea, sauti imeshuka, "yakasema ni ndugu, tumbo moja. Sijawahi kumwona baba akilia, hata mama alipopotea majini hakulia mbele yangu. Siku ile alilia. Akasema, hata mashine ya serikali imeuona udugu wetu. Ndipo akanifundisha kuwaita hawa wote ndugu, nami nikawaita. Nilizaa hapa bila kuolewa, hakuna aliyeniuliza nazaa kwa nani. Watoto ni wa hapa."

"Shangazi, kwa nini hukuwahi kutuambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba sisi ni ndugu? Mlikuwa mnajua." Akamtazama kwa jicho moja lililokuwa bado zima. "Sasa na wewe niambie. Yule Mutembei wenu anakuja hapa kila siku kuangalia pampu. Ni pampu gani inayoharibika kila siku, tena jioni jioni, Kezia akishatoka kitaluni?"

Kagemulo aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani.

"Nimeuliza kama mzaha lakini sicheki," alisema Nyangeta. "Kama kuna kitu mnataka kukifungua, nisubirini nife. Nikishalala pale, fungueni mnavyotaka."

Kagemulo alitamani kumwambia kwamba kufa kwanza hakumsaidii, kwamba watakuja na majembe hata hivyo, na kwamba wataanza na baba yake. Alishindwa. Alimaliza kuchambua maharage, akayaosha, akayabandika jikoni, akaaga.

*

Jibu hupewa mwombaji peke yake. Kezia alikuja mchana wa siku iliyofuata, viatu vina udongo wa kitaluni, akakaa kwenye kiti cha wateja na mkoba mapajani. Kagemulo alifunga mlango. Alikuwa amejiandalia maneno ya taratibu, ya kiofisi, yakamkimbia yote.

"Si ndugu," alisema. "Nyinyi na sisi. Hakuna hata tone."

Kezia alitabasamu kwanza. Lilikuwa tabasamu la mtu mwenye umri wake, la furaha tupu, na Kagemulo alijua kwamba hatalisahau. Kisha likaanza kupungua kadiri alivyosimuliwa: buni, foleni, swali la yule dada, vichupa viwili, Majita. Alipofika kwenye sheria hakuwa na haja ya kumaliza. Kila mtoto aliyezaliwa kilimani anaijua Sheria ya Vibanja kabla hajajua kuhesabu.

"Babu Maregesi atafukuliwa," alisema Kezia.

"Ndiyo."

"Na Bibi atapandishwa kwenye lori. Na ile miguu."

"Nikisaini, ndiyo. Na wewe utaolewa na Mutembei, hakuna wa kuwazuia. Baba yako yuko machimboni Ngara, yeye hataguswa. Ni Bibi, wewe na kaburi la Maregesi."

"Na usiposaini?"

"Lazima nisaini." Kagemulo alisikia sauti yake inakuwa kali, na hakuwa amemkasirikia Kezia. "Nimeapa, Kezia. Nikisaini kwa wengine na kuacha kwa shangazi yangu, basi mimi ni mwizi tu mwenye ofisi. Akina Kyaruzi wako Tambarare leo, wanachota maji yenye chumvi, kwa sababu mimi sikuangalia sura ya mtu. Unataka niseme nini kwao?"

Nje mtu alipita anasukuma toroli la ndizi, gurudumu linalia.

"Kuna kifungu kimoja," alisema Kagemulo polepole. "Nilikusomea siku ile. Nawasomea wote, na nadhani nawasomea haraka. Mwombaji anaweza kuondoa ombi lake kabla msomaji hajasaini. Akiondoa, fundo linafungwa lilivyokuwa, na nilichokiona ni kama sikukiona. Wewe huruhusiwi kuliomba tena maisha yako yote. Lakini kufungwa lilivyokuwa maana yake ni lilivyokuwa. Hatua nane."

"Hatuoani."

"Hamuoani, kamwe."

Kezia aliufungua mkoba, akaufunga. "Akina Kyaruzi wangeweza kufanya hivyo?"

"Aliyeomba alikuwa jirani yao. Wao hawakuulizwa." Kagemulo alitazama mikono yake. "Ila yule jirani sikumsomea taratibu. Pengine angefikiri mara mbili."

Kagemulo aliona aibu kwa sababu ndani ya kifua chake kulikuwa na mtu mdogo anayeomba kimyakimya kwamba binti huyu aondoe ombi, na alimjua mtu huyo: alikuwa mtoto aliyelishwa uji na Nyangeta. Hakumruhusu aseme. Alikaa ametulia kadiri alivyoweza, kama msomaji.

"Unampenda?" aliuliza hatimaye, akajilaumu papo hapo.

"Shangazi, unauliza kama hukumwona." Kezia alivuta pumzi. "Nikimwambia haya, unajua atafanya nini? Atasema tuhame wote. Atambeba Bibi mgongoni mpaka Biharamulo, njia nzima anapiga hadithi, na atadhani amemtendea wema. Hatamwona Bibi anavyokufa kwa sababu atakuwa anamchekesha."

"Lakini ana haki ya kujua. Ni maisha yake pia."

"Anayo. Na Bibi anayo haki ya kulala karibu na baba yake. Na babu anayo ya kutofukuliwa na watu aliowafukua." Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakudondoka. "Nichagulie, Shangazi. Wewe ndiye uliyesoma."

Kagemulo alifikiri kwa bidii. Alifikiri juu ya Mutembei, mtoto wa kaka yake, damu yake kabisa kwa kipimo chochote, ambaye angenyang'anywa mke na hata asijue kwamba amenyang'anywa. Hakuna mtu anayestahili kufanyiwa hivyo. Akafikiri juu ya majembe migombani. Hakupata mahali pa kusimama ambapo hakumkanyaga mtu.

"Siwezi," alisema.

"Nami nikimwambia halafu nikakataa kuhama," Kezia aliendelea, kama anayejisemesha, "atakaa hapa akijua nilimchagua nani. Kila akimwona Bibi atakumbuka. Na mdomo wake unaujua. Siku moja ataropoka baa, na kesho yake jirani ataleta ombi." Alijifuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Wale wazee walisema watoto wao hawataoana. Waliapa kwa ajili ya nani, kama si mimi? Chakula chao nimekula. Kaburi nalitaka libaki. Siwezi kuchukua yale mawili na kulikataa la tatu."

"Unaweza. Hukuapa wewe."

"Najua naweza."

Alinyoosha mkono. Kagemulo alimsomea kile kifungu tena tangu mwanzo, neno moja moja, akisimama kila mahali mtu anapoweza kughairi, na akatamani kama angewasomea wote hivyo. Kezia alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kidole. Kwenye kioo, majina ya Rwezaula na Maregesi yalirudi kukaa chini ya mama mmoja asiye na jina.

"Kwa hiyo mimi na yeye si ndugu," alisema Kezia, akisimama. "Niambie mara moja tu, nisikie vizuri."

"Si ndugu."

"Haya. Nimesikia."

Mutembei alikuwa anasubiri nje, kwenye ngazi, na alikuwa amevaa shati jipya. Aliinuka kwa haraka alipoona mlango unafunguka, akatazama uso wa Kezia, kisha wa shangazi yake, kisha wa Kezia tena, anatafuta mahali pa kuanzia kufurahi.

"Enhe? Hatua ngapi?"

"Ni zilezile, kaka," alisema Kezia.

Alicheka kidogo, alidhani anataniwa. Hakuna aliyecheka naye. Akamgeukia Kagemulo.

"Shangazi. Uliangalia vizuri? Kwa mashine ile mpya?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Kagemulo swali akapewa jibu lisilo la kweli. Alimtazama kijana huyo aliyefanana na kaka yake kama alivyokuwa kabla hajaenda Mwanza.

"Niliangalia vizuri," alisema. "Ni dada yako."

Mutembei alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia ndefu. Kisha akashuka ngazi moja, akanyoosha mkono kuuchukua mkoba wa Kezia, kwa sababu ulionekana mzito na kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kezia alimwachia. Na alipokwisha kumwachia ndipo alipolia, wazi, katikati ya barabara, watu wanapita na kugeuza shingo, na Mutembei akawa amesimama mbele yake na mkoba mkononi, anamwambia, "Nyamaza, dada. Nyamaza."